Wimbo wa Kusimamishia Jiwe

Huko Kiambere kwa wakwe zangu hakuna anayeniita mwalimu. Nimefundisha historia mpaka nywele zikaniisha kichwani, nikastaafu kwa sherehe na keki, lakini nikishuka kule chini jina langu ni moja tu: Mwimbaji. Watoto wananiita hivyo wakidhani ni sifa. Watu wazima wananiita hivyo huku wakitazama pembeni na midomo ikiwacheza. Nami kila nikilisikia jina hilo natamani ardhi ipasuke inimeze, kisha nacheka nao, maana mtu akishaaibika mbele ya wakwe hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye kicheko.

Wala si kwamba ni mwimbaji wa maana. Kanisani nafungua mdomo bila kutoa sauti. Kule Kiambere nimeimba siku moja tu, siku tuliyosimamisha jiwe kwenye kaburi la baba mkwe, na siku hiyo imenitosha mpaka kufa.

Mimi ni mtu wa juu, upande wa Karurumo, kwenye kahawa na migomba na mvua ya kutosha kuharibu barabara. Mke wangu ni Mmbeere wa chini, kwenye mawele na ndengu na mbuzi, mahali ambapo mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Sisi wa juu tulikuwa na majivuno, acha niseme ukweli. Tuliwahi kupata shule, tukawahi kupata misheni, tukaanza kuyaona mambo mengi ya zamani kuwa ushamba. Mojawapo ni hili la mama mkwe.

Kwetu aibu inaitwa nthoni, na mkwe anaitwa muthoni. Yasikilize hayo maneno mawili. Mkwe ni mtu wa kuonewa haya, ndiyo maana ya jina lenyewe. Na katika wakwe wote hakuna wa kuonewa haya kama mama aliyemzaa mke wako. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwenzake apite. Akiwa na neno la kukuambia, anamwambia mtu mwingine nawe ukiwa unasikia. Huko juu tulikuwa tumelegeza kamba, lakini kule chini kamba ilikuwa bado imekazwa, na mimi hakuna aliyeniambia. Au niliambiwa nikajifanya kiziwi.

Siku ya kwanza kupelekwa nyumbani kwao nilivaa suti. Mama mkwe akatoka jikoni na ungo wa kunde bila kujua kwamba tumefika, na mimi, mtu wa kisasa, nikamwendea nikicheka meno yote nje na kumnyooshea mkono. Maskini mama wa watu! Alitupa ungo, akageuka, akaingia kwenye mtama akiwa amejifunika uso kwa leso. Kunde zilitapakaa uani na kuku wakazikimbilia. Mkono wangu ulibaki hewani mpaka mke wangu akaushusha kwa kuuvuta.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa mwanamke yule: anihesabu kuwa mtu. Sikutaka anipende. Nilitaka tu akilitaja jina langu huko jikoni alitaje bila kuguna.

Baba mkwe alikuwa tofauti. Huyo tuliongea, tukataniana, akaniita mtu wa kahawa na kuniuliza kama huko kwetu tunajua rangi ya jua. Katikati ya shamba lake la mawele palikuwa na jiwe refu, bapa upande mmoja, limelala, urefu wake ukimzidi mtu mzima. Yeye alikaa juu yake miaka yote akifukuza ndege kwa kombeo. Mawele yakianza kukomaa hukumkosa pale, kuanzia ndege wanapoamka mpaka wanapolala, akivurumisha vijiwe na kuwatukana ndege kwa majina ya majirani. Alipougua, akaona haponi, aliwaambia wanawe neno moja. Hataki saruji. Hataki msalaba wa chuma. Anataka jiwe lake lisimamishwe kichwani pake, zima, ili ndege wajue bado yupo.

Tukamzika. Mwaka ukawa unakaribia kuisha, na siku ya kumfanyia maombi ya ukumbusho ikapangwa, na jiwe lilikuwa bado limelala shambani. Mashine zilizojenga bwawa la umeme zilikuwa zimeondoka zamani, na kilichobaki ni nyaya zinazopita juu ya vichwa vya watu wasio na umeme. Trekta haikuweza kushuka kwenye korongo lililotenganisha shamba na nyumba. Ng'ombe wa kulima walikuwa wamekonda kwa ukame, ukiwatazama unawaonea huruma. Ndugu za mke wangu wakakaa kikao pale uani, nami nikiwa mgeni kwenye kiti cha pembeni. Yule mkubwa wao, kifungua mimba wa mama, akasema jiwe lichomwe moto, lipasuke, libebwe vipande vipande na kuunganishwa kwa saruji juu.

Kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni tukasikia mama analia. Hakulia kwa sauti kubwa. Ilikuwa pumzi tu inayokatika. Kila mtu akatazama chini.

Na hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka wenyewe. Nikasimama, eti, nikashika ukosi wa koti. Nikawaambia kwamba Wamisri wa kale walisafirisha mawe makubwa kuliko nyumba hii bila trekta wala ng'ombe, kwamba mimi nafundisha habari hizo kila mwaka, kwamba ni watu, kamba, magogo na akili tu. Nikasema, "Nipeni watu. Jiwe la mzee litasimama zima kabla ya siku ya maombi."

Mke wangu akaingia jikoni, akatoka ameuma mdomo wa chini.

"Mama anauliza," akasema, "kama mwalimu amewahi kuinua hata figa."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka pia, masikio yakiniwaka moto. Lakini sasa nilikuwa nimesema, na mama alikuwa amesikia.

Nilianza kwa vitabu. Darasani nilikuwa na picha moja niliyoipenda sana: jiwe kubwa juu ya kitu cha kuburuta kisicho na magurudumu, safu za watu wakivuta, na mtu mmoja mbele akimwaga maji ardhini ili njia iteleze. Picha hiyo niliichora ubaoni mara nyingi mpaka nikawa naichora nikiwa nimefumba macho. Basi tukakata mti wa mukau wenye panda, gogo moja likiachana kuwa mawili, tukalitumia kama kitu cha kuburutia. Kwa mitaimbo na nguzo tukaliinua jiwe kidogo kidogo, tukisukumia vijiwe chini yake, mpaka likakaa juu ya panda. Hiyo sehemu ilienda vizuri. Wanaume walinipiga mgongoni. Nikajiona kama nimezaliwa kando ya Mto Naili.

Kisha nikasema, "Maji."

Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Maji ya kunywa?"

"Ya kumwaga," nikasema.

Pipa la maji lilikuwa nyuma ya nyumba. Kwa nini sikuuliza yametoka wapi? Mtu wa juu hafikirii maji, anafungua mfereji. Tukalibeba pipa lile tukalimwaga lote mbele ya jiwe, na mimi nikielekeza, hapa, na hapa, na pale zaidi. Pale penyewe palikuwa bondeni, udongo mweusi, ule unaoshika mguu. Picha yangu ilikuwa ya mchanga. Wanaume wakavuta mara moja, gogo likadidimia kwenye tope, na jiwe likainamisha pua yake likanywa maji yote yale, likatulia.

Nilipoinua uso nikawaona wanawake wa mji ule wamesimama juu ya korongo. Walikuwa wanalitazama lile tope kwa macho ya msibani. Mke wangu akashuka akanifikia, akaniambia kwa sauti ya chini, na yeye si mtu wa sauti ya chini, "Umemwaga maji ya mama. Amekwenda mtoni na punda wiki nzima kujaza hilo pipa. Yalikuwa ya chai ya akina mama wa kanisa."

"Nitamletea mengine."

"Na punda yupi? Unamjua hata anavyoitwa?"

Nilikwenda na huyo punda. Sitaki kuisimulia safari hiyo. Niseme tu kwamba punda alirudi nyumbani kabla yangu, na maji niliyoyaleta hayakutosha kunawa uso. Nilitamani kupanda gari nirudi Karurumo usiku huohuo. Kilichonizuia ni mawazo ya mama akiliona jiwe limezama kwenye tope kwa mkono wangu, na kusema jikoni, haya, na huyo naye.

Tukasubiri tope likauke. Jua la kule halina ajizi, lilitusaidia. Tukalitoa jiwe kwa mitaimbo, tukaacha ujuzi wa maji, tukatandaza magogo membamba njiani, jiwe likasogea juu yake, la nyuma likihamishwa mbele kila mara. Tulivuta kwa kuhesabu, moja, mbili, tatu, tukipumzika kila tulipotaka. Kijana mmoja wa kwaya alijaribu kutuvutisha kwa wimbo wa kanisa, lakini nyimbo zile zinapanda polepole mno, kabla hujafika kwenye pambio mikono imeshachoka. Hata hivyo jiwe lilipanda. Lilipofika kando ya kaburi nililishika nikahisi limepata joto la watu.

Kusimamisha ndiyo kazi yenyewe. Kuvuta unaweza kupumzika, ila kusimamisha ukianza umeanza. Tulichimba shimo kichwani mwa kaburi, upande mmoja umekwenda wima na mwingine umeteremka, tukaelekeza kitako cha jiwe kwenye mteremko. Tukafunga miti miwili juu pamoja, miguu ikitanuka chini, kamba ya mkonge ikapita juu yake ili jiwe livutwe kutoka juu badala ya pembeni. Wanaume wakashika kamba upande wa pili wa shimo, nyuso zikilielekea jiwe. Na yule shemeji mkubwa, kifungua mimba, akaingia nyuma ya jiwe, chini yake kabisa, na nguzo na mawe ya kuegemezea. Jiwe likipanda kidogo anatia nguzo. Likipanda tena anatia ndefu zaidi. Mimi nilisema aingie mtu mwingine mwembamba. Akasema, "Ni baba yangu," akaingia.

Siku hiyo tuliipanga makusudi. Mama na wanawake wenzake walikuwa na kikao chao cha kanisa kwa jirani wa mbali, wangekunywa chai, wangeomba, wangerudi jua likishuka. Pale nyumbani tulibaki wanaume watupu.

Tukahesabu moja, mbili, tatu. Jiwe likapanda mpaka usawa wa goti, likasita, likarudi chini kwa kishindo, nguzo ikavunjika. Shemeji aliruka nje rangi imembadilika. Tukajaribu tena, hivyohivyo. Kila mtu alivuta wakati wake. Hesabu ina nafasi katikati, na jiwe linaipenda hiyo nafasi.

Shemeji akajifuta jasho akanitazama. "Mwalimu, nasikia huko kwenu wakati wa tohara wewe ndiye ulikuwa unaongoza nyimbo."

"Nani kakwambia?"

"Dada yangu."

Ilikuwa kweli. Katika ujana wangu, msimu ule ukifika, sauti yangu ilikuwa ikisikika kutoka ng'ambo ya mto. Na nyimbo zile, wewe mwenyewe kama ni mtu wa huku unazijua. Hazina nafasi katikati. Kiongozi anatupa neno, watu wanalidaka kabla halijaanguka, miguu inapiga chini pamoja, unaweza kubomoa nyumba. Lakini maneno yake! Ni matusi kutoka mwanzo mpaka mwisho, viungo vya watu vikitajwa kimoja kimoja na kusifiwa, na hasa vya akina mama wa wasichana. Ni nyimbo za wanaume waliotahiriwa, usiku, mbali na wakwe. Mimi nilikuwa nimeshaokoka. Nilikuwa mzee wa kanisa, jamani.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Wanaume watupu. Nikasema, "Basi vueni kofia, Mungu atatusamehe."

Nikasimama ubavuni mwa jiwe, nikiwaelekea wavutaji, mgongo wangu ukielekea njia inayotoka kwa majirani. Nikaanza taratibu. Sauti ilitoka ikiwa na kutu, kisha ikakumbuka. Wakaitikia. Ngai! Kamba ikakaza ikatoa mlio. Jiwe likaondoka chini likapita usawa wa goti bila kusita, shemeji akatia nguzo, likapita usawa wa kiuno, akatia nguzo. Miguu ilipiga chini kwa pamoja, vumbi likapanda, na mimi nikasahau chaki na ibada na kila kitu, nikawa yule kijana wa ng'ambo ya mto. Katika wimbo huo kuna mahali palipoachwa wazi, ambapo kiongozi hutia maneno yake mwenyewe. Nikatia. Nikaimba kumsifu mama aliyenizalia mke. Nikalisifu paja lake.

Wanaume wakainamisha macho. Kiitikio kikashuka. Mimi nikadhani wamechoka, wavivu hawa, tena sasa ambapo jiwe limefika nusu! Nikapandisha sauti, nikalirudia lile la paja, nikaongeza na jingine. Wakazidi kuinama. Kamba ikalegea kiasi cha upana wa mkono na jiwe likayumba, na hapo nikageuka kumwangalia shemeji kama yuko salama.

Mama mkwe alikuwa amesimama njiani, nyuma ya jiwe, na akina mama wote wa kanisa nyuma yake, vitambaa vyeupe vichwani.

Kikao kilikuwa kimeisha mapema kwa sababu hapakuwa na chai. Zamu ya kuleta maji ilikuwa yake, na maji yake nilikuwa nimeyamwaga mimi.

Sauti ilinikatika kooni. Kamba ikalegea tena. Nguzo aliyoiegemeza shemeji ikalia kwa kupasuka, naye kule chini akapiga ukelele mmoja mfupi. Jiwe lilikuwa linarudi. Nikajaribu kubadilisha, nikachukua wimbo wa kanisa, nikaupachika kwenye mapigo yale, lakini miguu ya watu ikapotezana na jiwe likashuka zaidi. Nikanyamaza. Nilitamani nife mimi badala ya shemeji, na nasema hivyo bila kutia chumvi. Nisingeweza kufungua mdomo tena mbele ya mama yule.

Ndipo alipofanya jambo. Alivuta leso kutoka mabegani, akajifunika kichwa chote na uso, akageuka akatupa mgongo. Kisha akasema kwa sauti kubwa, akiwaambia wenzake, "Mwambieni huyo mwimbaji asinyamaze. Mtoto wangu yuko chini ya jiwe."

Nikaimba. Nilifanyaje? Niliimba machozi na kamasi vikinitoka, na nilipofika mahali pale palipo wazi akili yangu ilikuwa tupu, hapakuwa na neno lingine lolote kichwani mwangu duniani. Nikarudia paja. Kila nilipofika pale, paja. Wavutaji walikuwa wamefumba macho kwa haya, hawawezi kuitikia, ni mama yao huyo, midomo inachezacheza tu na kamba inapwaya. Kisha nikasikia kiitikio kimedakwa nyuma yangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzee, iliyonyooka. Moja tu kwanza. Halafu wengine wakajiunga, wanawake wale wa vitambaa vyeupe, kumbe wanaujua wimbo neno kwa neno, na wanaume waliposikia hivyo wakaitikia nao kwa kishindo, wakavuta. Jiwe likapanda. Shemeji akatia nguzo, na nyingine, na nyingine, kisha kitako kikateleza kwenye shimo na jiwe likasimama wima, likatingishika kidogo, likatulia.

Shemeji akatoka akiwa mweupe kwa vumbi, mzima. Tukalishindilia jiwe kwa mawe na udongo. Nilifanya kazi hiyo nikiwa nimepiga magoti, sikuinua kichwa, na nilipokiinua akina mama walikuwa wamekwishaondoka. Hakuna aliyenicheka siku hiyo. Vicheko vilikuja baadaye, na havijaisha.

Wazee wakasema lazima nilete mbuzi, wa kuondoa nthoni. Nikaenda kwa mchungaji wetu nikitumaini ataniambia hayo ni mambo ya kipagani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie pale kwenye paja, kisha akasema, "Ndugu, peleka mbuzi."

Nikapeleka. Mama alikula sehemu yake huko jikoni. Siku ya maombi alikaa upande wa pili wa jiwe, jiwe likiwa kati yake na mimi, na sikuwahi kuona kitu kilichosimama vizuri namna ile nikashindwa kukifurahia. Kila aliyelisifu alinichoma. Hata leo nikienda kule sipiti upande wa kaburi. Nazunguka zizi.

Miaka imepita. Barabara sasa inafika mpaka uani, mashine za kuchimba na kuinua zinakodishwa hapohapo sokoni. Nami nimekuwa muthoni wa mtu. Binti yangu ameolewa, na mkwe wangu ni kijana anayenikumbatia kila tukionana na kumwita mke wangu kwa jina, na kila akifanya hivyo nashtuka, namwonea haya kwa niaba yake. Mama mkwe yupo. Macho yamekwenda, miguu imekwenda, masikio ndiyo yamebaki. Hatujawahi kusemezana. Nikifika anageuzwa kwenye kiti chake kuelekea ukutani, naye akishageuzwa anauliza wajukuu, "Mwimbaji amekula?"

Mwezi uliopita mke wangu alikwenda kumtazama akarudi. Akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Mama amechagua jiwe lake," akasema. "Liko pale karibu na lilipokuwa la baba. Kaka zangu wanasema wataleta mashine. Amekataa. Anasema wewe unajua litakavyokuja."

Nikahisi masikio yanawaka moto, uzee huu wote. "Mwambie kaka zako walete mashine. Mimi koo langu limekufa."

"Nilimwambia hivyo."

"Akasema?"

Mke wangu alivua kiatu kimoja, akakishika mkononi. "Akasema mwimbaji asitie shaka, siku hiyo anaweza kugeuka apendavyo. Ila atafute mtu mwingine wa kumwitikia."

Basi ile sauti ya kwanza ilikuwa ni yeye. Miaka yote hii nilidhani ni mmoja wa wale akina mama wengine. Nikageukia ukuta nikajifunika blanketi mpaka kichwani, na mke wangu akaniacha hivyo.